Nazima hali ya kuokoa betri kwenye kishikwambi, kesho naikuta imewaka tena. Tatizo liko wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, natumia kishikwambi cha Samsung Galaxy Tab A8. Skrini imefifia, kifaa kimekuwa kizito, na ujumbe wa WhatsApp hauingii mpaka niifungue programu yenyewe. Nimezima "Power saving" zaidi ya mara moja, lakini baada ya siku moja au mbili naikuta imewaka. Hata ikiwa imezimwa, ujumbe bado unachelewa. Nifanyeje izimike kabisa?

Jibu: Mwalimu, swichi uliyoizima ndiyo yenyewe, hujakosea. Ila kwenye Android hali ya kuokoa betri haishikiliwi na swichi hiyo peke yake. Kuna swichi yenyewe, kuna kinachoiwasha upya bila wewe kujua, halafu kuna orodha ya programu zilizolazwa usingizi. Orodha hiyo ina maisha yake: ukizima swichi, yenyewe inabaki kama ilivyokuwa. Kufifia kwa skrini na uzito wa kifaa vinatokana na swichi. Kurudi kwake kunatokana na hicho cha pili. WhatsApp kuchelewa ni kazi ya orodha, na ndiyo maana kuzima swichi hakukusaidia. Nenda kwa mpangilio huo huo.

Swichi yenyewe

Njia fupi: telezesha kidole kutoka juu ya skrini kwenda chini mara mbili, vitufe vya haraka vijitokeze vyote. Tafuta "Power saving". Kama kina rangi, hali imewaka, kiguse kipoe. Kama hukioni, telezesha kushoto uone ukurasa wa pili wa vitufe, au gusa alama ya kalamu au nukta tatu uingie sehemu ya kupanga vitufe, kisha ukivute kipande hicho kije mbele. Badala ya kukigusa tu, kibonyeze bila kuachia kwa sekunde moja hivi. Hapo unaingia moja kwa moja kwenye ukurasa wa mipangilio yake, na huko ndiko unakotakiwa kufika leo.

Njia ndefu inategemea toleo la mfumo. Tab A8 ilitoka na Android 11 na imepandishwa hadi 14, kwa hiyo kwako majina yatakuwa haya: "Settings", halafu "Battery and device care", halafu "Battery", halafu "Power saving". Kwenye Samsung mpya zaidi "Battery" imetolewa humo ikasimama peke yake kwenye orodha kuu ya "Settings". Kwenye zile za zamani, za Android 9 na 10, utakuta "Device care", kisha "Battery", kisha "Power mode" yenye ngazi: "Optimised", "Medium power saving" na "Maximum power saving". Huko hakuna cha kuzima; unachagua "Optimised" na kazi imekwisha. Ukipotea njia, gusa alama ya lenzi juu ya "Settings" na uandike neno power. Kitafutio hicho hupatia mara nyingi kuliko maelekezo yoyote ya kuandikwa, kwa sababu Samsung huhamisha mambo haya kila toleo.

Ukiwa kwenye ukurasa wa "Power saving", soma vipengele vilivyo chini ya swichi kuu kabla hujaizima. Kwenye kishikwambi kama chako kwa kawaida vipo viwili vinavyohisiwa sana. Kimoja kinabana kasi ya prosesa ifike asilimia 70. Kingine kinashusha mwanga wa skrini kwa asilimia 10. Prosesa ya Tab A8 ni Unisoc T618, inayokimbia hadi gigahezi 2.0. Si prosesa ya kujivunia hata ikiachwa huru. Ukiibana kwa asilimia 30 inabaki takriban 1.4, na hapo ndipo kurasa za PDF zinapochelewa kufunguka na kibodi inapoandika herufi baada ya kidole kuondoka. Simu ya bei kubwa ikibanwa hivyo hutajua. Kishikwambi cha bei ya kati utajua ndani ya dakika moja.

Vipengele hivi vinazimika kimoja kimoja. Ukipenda, acha swichi kuu ikiwa imewaka lakini uzime kile cha prosesa na kile cha mwanga. Utabaki na kizuizi cha kazi za nyuma tu, yaani programu zisizotumika kuvuta data na kutafuta mahali ulipo. Kwa anayesoma vitabu na kuandika maandalio ya somo, huo ni mchanganyiko mzuri kuliko kuzima kila kitu. Kwa anayetegemea ujumbe uingie papo hapo, haufai.

Kuna kipengele cha tatu cha kukaa nacho mbali: "Limit apps and Home screen". Hiki kikiwashwa, skrini ya mwanzo inageuka nyeusi na kubaki na programu chache, zile zako nyingine zinaonekana kama zimefutwa. Hazijafutwa. Watu wengi hufikia hatua ya kurudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani kwa sababu ya swichi hii, wakapoteza picha na kazi zao bure. Kutoka humo, shusha vitufe vya haraka na uzime "Power saving". Kila kitu kinarudi mahali pake. Kuzima na kuwasha kishikwambi hakusaidii, kwa sababu hali hii hukumbukwa hata baada ya kifaa kuwashwa upya.

Kinachoiwasha tena

Hapa ndipo lilipo jibu la swali lako hasa. Vinavyoweza kuiwasha ni vichache. Anza na cha kwanza, maana ndicho kinachokamata wengi.

Kwenye Samsung kuna kitu kinaitwa "Adaptive power saving". Kikiwashwa, kifaa kinajifunza jinsi unavyotumia chaji na kujiamulia chenyewe lini kiingie kwenye hali ya kuokoa na lini kitoke. Mwandiko wa dalili yake ni ule ule uliouandika: unazima leo, kesho imewaka, bila saa maalumu. Kinapatikana kwenye ukurasa wenyewe wa "Power saving", au ndani ya nukta tatu, au ndani ya "More battery settings", kutegemea toleo. Andika adaptive kwenye kitafutio cha "Settings". Utaona pengine majina mawili yanayofanana, na usiyachanganye. "Adaptive power saving" inawasha hali nzima, hiyo zima. "Adaptive battery" haiwashi hali yoyote. Inapanga tu programu kwa makundi, zile unazozitumia sana zipewe nafasi na zile unazozisahau zibanwe. Hiyo unaweza kuiacha, ingawa nitairudia nikifika kwenye WhatsApp.

Cha pili ni ratiba. Kwenye vishikwambi vyenye Android isiyopambwa sana, kama Lenovo na Nokia, utaikuta ndani ya "Battery Saver", na kama umeweka lugha ya Kiswahili jina lake ni Kiokoa Betri. Humo kuna ratiba yenye kitelezi cha asilimia. Kitelezi kikiwekwa, tuseme, 50, basi kila betri ikishuka chini ya nusu hali inawaka, hata kama uliizima asubuhi. Chagua isiwe na ratiba. Kwenye Samsung zenye "Modes and Routines", angalia kama kuna utaratibu uliowahi kuwekwa unaosema betri ikifika kiwango fulani, au ikifika usiku, hali iwake. Utaratibu wa namna hiyo hutengenezwa kwa kugusa pendekezo mara moja, kisha mwenyewe anausahau.

Cha tatu ni tangazo la chaji kupungua. Betri ikikaribia asilimia 15 au 20, kisanduku kinajitokeza na kitufe cha kuwasha hali ya kuokoa. Kidole kinakigusa ili kisanduku kiondoke njiani, somo liendelee. Hakuna hitilafu hapo. Kama kishikwambi kinashikwa na watoto au wanafunzi, hesabu uwezekano huu mara mbili.

Cha nne kinahusu chaja, na kinawachanganya hata mafundi. Kwenye Android isiyopambwa, ukichomeka chaja hali ya kuokoa inasimamishwa, haiondolewi. Uliiwasha mwenyewe jana, ukachomeka, ukaiona imezimika, ukaridhika. Ukichomoa waya betri ikiwa bado haijafika asilimia 90, mfumo unairudisha, kwa sababu unakumbuka kuwa uliitaka. Suluhisho ni kuizima kwa mkono wakati waya umechomolewa, au kuacha chaji ipite 90 na kuhakikisha kile kipengele cha kuizima betri ikijaa kimewashwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kwenye vifaa hivyo ukijaribu kuigusa swichi wakati wa kuchaji utaikuta imepauka na haibonyezeki. Chomoa, izime, chomeka tena.

Je, programu za "kuokoa betri" za kupakua ndizo zinazoiwasha? Kwa kawaida hapana. Android ya miaka hii haimpi mwenye programu ya kupakua ruhusa ya kugeuza swichi hiyo. Wanachoweza ni kushusha mwanga, na kwa kupitia huduma za ufikivu, kuzisimamisha programu zako kwa nguvu moja baada ya nyingine. Matokeo kwa mtumiaji yanafanana: skrini hafifu, ujumbe hauingii. Ingia "Accessibility", kisha sehemu ya programu zilizosakinishwa, uone nani amepewa ruhusa. Programu yoyote ya kusafisha, kuongeza kasi au kupoza betri, ondoa. Sijui kazi ya maana ambayo programu hizo hufanya kwenye Android ya leo. Mfumo wenyewe unaifanya kazi hiyo, tena vizuri zaidi.

Na kama kishikwambi si mali yako bali ni cha kazini? Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 Tanzania vilipelekwa kwa walimu, na mashirika mengi ya utafiti pia hugawa vifaa vyake. Kifaa kinachosimamiwa na ofisi kinaweza kuwa na masharti yaliyowekwa kwa mbali, na masharti hayo hushinda mkono wako. Dalili ni maandishi yanayosema kipengele kinasimamiwa na shirika lako, au swichi iliyopauka muda wote, chaja ikiwepo au isiwepo. Hapo usihangaike na njia za mkato za mtandaoni. Mtu wa TEHAMA wa ofisi analitoa kwa dakika chache.

Mambo ya betri na chaja kabla hujalaumu mfumo

Kuna wakati hali inarudi kwa sababu betri kweli inashuka kila mara chini ya kiwango, na kosa liko kwenye kuchaji. Fanya hesabu hii. Betri ya Tab A8 ni mAh 7,040, sawa na takriban wati-saa 27. Kichwa cha chaja cha simu ndogo kinachotoa volti 5 na ampea 1 ni wati 5. Kugawa 27 kwa 5 unapata zaidi ya saa tano bila kuhesabu kinachopotea kama joto. Kwa uhalisia ni saa saba hivi, kifaa kikiwa kimelala. Ukikitumia huku kinachaji, skrini ya inchi 10 na video vinaweza kula karibu chote kinachoingia, na asilimia haipandi. Ukichomeka kwenye tundu la kompyuta la kawaida, lenye ampea 0.5, mambo ni nusu ya hapo. Tab A8 inapokea hadi wati 15. Kichwa cha Samsung cha wati 15 chenye waya mzima huijaza kwa saa tatu na nusu hivi. Waya ndio husahaulika: waya mwembamba wa bei ya chini hupunguza umeme hata kichwa kikiwa kizuri, kwa hiyo jaribu kwa kubadilisha waya kwanza kabla ya kununua kichwa kipya.

Betri iliyochoka hujitambulisha yenyewe. Inaonyesha asilimia 30, unafungua kamera, inaanguka hadi 8 na hali ya kuokoa inawaka. Ukiichaji kidogo inaruka kwenda 40. Hakuna mpangilio wa kuitibu hiyo, ni kubadilisha betri. Kwenye Samsung fungua programu ya Samsung Members, sehemu ya uchunguzi, uone hali ya betri inasemwaje. Na kama kioo kimeanza kuinuka pembeni au mgongo umevimba, acha kuchaji siku hiyo hiyo, usikibonyeze kirudi, kipeleke kwa fundi.

Tafadhali usizime kitu kimoja ambacho hufananishwa na hiki: kinga ya betri, "Battery protection" au "Protect battery". Hiyo husimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85 ili betri izeeke polepole. Haipunguzi kasi, haififishi skrini, haizuii ujumbe. Kishikwambi kinachoshinda kwenye soketi darasani kinaihitaji. Kuona chaji imegoma kwenye 85 si ugonjwa.

WhatsApp na usingizi wa programu

Sasa sehemu inayokusumbua zaidi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, mfumo una tabia ya kusinzia: kifaa kikiwa kimelala mezani, skrini imezima na hakiko kwenye chaja, mtandao hukatwa kwa programu na kufunguliwa kwa vipindi vifupi vinavyozidi kuachana kadiri muda unavyokwenda. Kishikwambi huingia usingizi huu kuliko simu, kwa sababu simu inatembea mfukoni na kishikwambi kinashinda kwenye begi. Ujumbe wa haraka una njia yake ya kupenya usingizi huo, na WhatsApp huitumia. Kwa hiyo usingizi wa kawaida hautoshi kueleza ujumbe usioingia kabisa. Kinachoeleza ni orodha ya Samsung.

Fungua "Settings", "Battery and device care", "Battery", kisha "Background usage limits". Utakuta orodha tatu. "Sleeping apps" ni zile zinazoruhusiwa kuamka mara mojamoja. "Deep sleeping apps" haziamki mpaka uzifungue mwenyewe, na maelezo yako, kwamba ujumbe hauingii mpaka uifungue programu, ndiyo tabia yake hasa. "Never sleeping apps" ni zile ambazo mfumo hauruhusiwi kuzigusa. Ondoa WhatsApp kwenye mbili za kwanza, kisha ingia ya tatu, gusa alama ya kuongeza, uichague. Fanya hivyo pia kwa barua pepe ya kazi na programu ya kengele kama unaitegemea. Juu ya ukurasa huo kuna swichi ya kulaza programu zisizotumika; ikiendelea kuwaka, programu ambayo hukuifungua kwa siku kadhaa itaingizwa orodhani upya. Izime kama hutaki kurudi hapa kila mwezi. Usijaze orodha ya tatu kwa programu ishirini, utakuwa umefungua mlango wa chaji kuvuja. Tatu hadi tano zinatosha.

Bado kuna ngazi moja. Bonyeza alama ya WhatsApp bila kuachia, gusa herufi i ya maelezo, ingia "Battery". Kwenye Android 12 na kuendelea kuna chaguo tatu: "Unrestricted", "Optimised" na "Restricted". Kama imekaa "Restricted", hilo peke yake linatosha kuua ujumbe. Iweke "Optimised" kwanza, ukae nayo siku mbili. Kama bado unachelewa, nenda "Unrestricted". Hapa pia ndipo "Adaptive battery" niliyoitaja inapoonekana: programu unayoifungua kwa nadra hushushwa makundi yenyewe, lakini ile uliyoiweka "Unrestricted" haiguswi.

Mambo mawili nje ya betri hutoa dalili hizo hizo. La kwanza ni kiokoa data. Watu huwasha "Data saver" ili bando lisiishe, wakasahau, kisha wanalaumu betri. Ipo kwenye "Connections", "Data usage". Ikiwa imewaka, programu zisizo mbele ya macho hazipati data ya laini, hata betri ikiwa 100. Unaweza kuiacha na kuiruhusu WhatsApp peke yake kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. La pili ni kwamba WhatsApp ya kwenye kishikwambi mara nyingi ni kifaa kilichounganishwa na simu. Simu ile kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa hutolewa. Kama simu yako iliharibika mwezi uliopita, tatizo si usingizi.

Kwa wanaokusanya takwimu kwa ODK Collect au KoboCollect, angalizo: hali ya kuokoa betri inaweza kuzuia utafutaji wa mahali pindi skrini inapozima. Fomu inayorekodi njia nzima ya mhojaji itatoka na mapengo, na huwezi kuyajaza baadaye. Izime kabla ya kutoka ofisini, kisha iweke programu hiyo kwenye "Unrestricted".

Ikikataa yote hayo

Washa kishikwambi katika hali salama: bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka menyu ije, kisha bonyeza "Power off" bila kuachia mpaka "Safe mode" itokee, uiguse. Humo programu za kupakua hazifanyi kazi. Kitumie hivyo nusu siku. Kama skrini haififii tena, mkosaji ni programu uliyoipakua. Ondoa za karibuni moja moja.

Mwenye kompyuta na adb, yaani zana ya kukitumia kifaa cha Android amri kutoka kwenye kompyuta, anaweza kuuliza mfumo wenyewe. Fungua menyu ya wasanidi kwa kugusa "Build number" mara saba, washa "USB debugging", unganisha waya, kisha:

adb shell dumpsys battery unplug
adb shell settings get global low_power

Amri ya kwanza inakidanganya kifaa kwamba hakichaji, maana waya wa kompyuta nao ni chaja na unaweza kuificha hali yenyewe. Jibu likiwa 1, hali imewaka, 0, imezimwa. Kuizima na kuondoa kiwango cha kujiwasha:

adb shell settings put global low_power 0
adb shell settings put global low_power_trigger_level 0
adb shell dumpsys battery reset

Usiruke mstari wa mwisho. Ukiusahau, kifaa kitaendelea kuamini kwamba hakina chaja mpaka ukizime na kukiwasha, na asilimia utakayoisoma itakuwa ya uongo. Kwenye Samsung, ratiba za kampuni yenyewe hazisikilizi mstari wa pili kila mara, kwa hiyo usianzie huku ukiwa hujagusa "Adaptive power saving".

Skrini ikibaki hafifu hata baada ya hali kuzimwa, tazama mwanga wa kujirekebisha kwenye "Display" na "Extra dim" kwenye "Accessibility". Hizo ni swichi nyingine kabisa.

Wenye vishikwambi vingine

iPad: "Settings", "Battery", "Low Power Mode". Ilianza na iPadOS 15, mwaka 2021. Alama ya betri ikiwa ya njano ndiyo imewaka, na hujizima yenyewe chaji ikifika asilimia 80. Amazon Fire: "Settings", "Battery", "Low Power Mode", na uzime pia "Smart Suspend" inayokata Wi-Fi kifaa kikilala. Redmi Pad na Xiaomi: zima "Battery saver", kisha kwenye maelezo ya programu chagua "No restrictions" na uwashe "Autostart", kwani bila hiyo ya mwisho ujumbe bado utachelewa. Huawei: "Battery", kisha "App launch", toa programu kwenye usimamizi wa kujiendesha na uwashe swichi zote tatu zitakazojitokeza. Tecno, Infinix na Itel: mbali na Kiokoa Betri cha kawaida, fungua Phone Master, sehemu ya betri, maana nayo hulaza programu kwa hesabu zake.

Ukishazima, Mwalimu, tegemea chaji kwisha mapema kuliko ulivyozoea. Unapunguza hasara hiyo kwa kuweka mwanga kati ya asilimia 40 na 50 ndani ya nyumba, na skrini kujizima baada ya dakika moja au mbili. Kama kishikwambi kina laini ya simu na shule iko mahali mtandao unashika kwa kubahatisha, weka hali ya ndege kisha uwashe Wi-Fi peke yake. Kutafuta mnara wa mbali kutwa nzima kunakula chaji kuliko prosesa iliyoachwa huru.